Shangazi, uji mweupe na kiporo cha bada

Najua nimepotea. Nimerudi hosteli juzi, begi hata sijafungua, ila hili nilitoe kabla presha ya mitihani haijaanza.

Likizo nzima nilikuwa nyumbani Usagara, Tanga, namuuguza shangazi. Ana saratani ya titi, anapata kemotherapi Ocean Road, Dar. Kila wiki tatu anapanda basi, anatundikiwa dripu, anarudi. Siku chache baadaye mdomo unachubuka, anaendesha, chakula hataki hata kukiona. Majirani wakaleta huruma yao: uji mweupe, soda, biskuti. Sawa. Lakini hata tumbo lilipotulia, mwenyewe anaulizia bada kwa samaki, jibu ni lilelile: "Weye mgonjwa, kunywa uji."

Hapo ndipo mi nakataa.

Kemotherapi inawinda seli zinazojigawa haraka. Saratani iko hivyo, lakini na ngozi ya ndani ya utumbo iko hivyo, maana hujifanya upya kila baada ya siku chache. Sasa sikilizeni: seli za utumbo mpana zinalishwa kwa sehemu kubwa na bakteria wanaoishi humo. Wanachachusha makapimlo, yale tusiyoweza kuyasaga wenyewe, wanatoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli hizo, na inasaidia zishikamane ili vijidudu visipenye kwenye damu. Kwa mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka, kupenya huko kunaweza kuua. Ukimlisha uji mweupe mwezi mzima, bakteria hao nao wanashinda njaa.

Na hii habari ina mizizi hapa hapa kwetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Miaka ya 1960 baadhi ya watoto hao walipona kwa dawa, wakati kemotherapi yenyewe ilikuwa bado changa. Huyohuyo Burkitt baadaye akageuka mhubiri wa makapimlo, baada ya kulinganisha choo cha wanakijiji wa Uganda na cha Waingereza. Jamani, chakula alichokisifia ndicho tunachokiita cha kimaskini!

Ila nikiri kosa langu. Nilisoma kwamba wanga uliopikwa ukapoa, sehemu yake inakuwa ngumu kusagika, hivyo inawafikia bakteria kule chini. Mi huyo, nikalaza bada usiku kucha nimpe shangazi asubuhi! Jirani yetu nesi akaninyang'anya sahani. Chakula kilicholala kinaota vijidudu, na kinga ya mgonjwa ipo chini. Usomi nusu huo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Siku za kuendesha, uji laini na maji ya chumvi na sukari ya hospitali, na daktari aambiwe. Tumbo likitulia, kabla ya dripu nyingine, arudishiwe kidogo kidogo: bada la moto, kunde zilizoiva vizuri, ndizi. Daktari aulizwe kwanza, maana aliyepasuliwa utumbo au ambaye utumbo umebana, makapimlo yanaweza kumdhuru. Na tusidanganyane: hii si dawa ya saratani. Majaribio mengi ya butirati ni ya panya, kwa wagonjwa ushahidi bado mdogo. Anayekuuzia unga wa "kusafisha utumbo" pale stendi anakula nauli yako ya Ocean Road.

Wiki ya mwisho, kwa ruhusa ya daktari, shangazi alikula matonge manne ya bada kwa changu wa kuchemsha. Akanawa, akaniangalia: "Leo ndo nimekula, mwanangu."

Haya, mnaouguza majumbani, kwenu mgonjwa anakula nini? Tuambizane.