Umoja Uanze Kwenye Benchi Letu



Tarehe 11 Julai 2022 inchi yetu ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Leo tuko inchi nane: Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Sudani ya Kusini, Kongo na Somalia, iliyoingia 2024. Huku masomo ni kwa Kifaransa, kule Kiingereza, kwingine Kiarabu. Lakini toka Lualaba mpaka Zanzibar, Kiswahili kinakupatia maji na pa kulala. Sisi wa mwaka wa sita tunasema: tufurahi.

Wengine watatuuliza: furaha gani? Mwezi wa Januari 2025 M23 waliteka Goma, na inchi za jumuiya moja zinashitakiana. Ni kweli, hatufichi. Hata Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilivunjika 1977 kwa kuwa wakubwa walikosana. Kartasi peke yake haileti umoja.

Sisi watu wa Nyangwe tunalijua jambo hili. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa bunduki waliwapiga risasi watu wa soko letu, Livingstone akiona kwa macho yake. Wengi walikufa, zaidi wamama, na wengine walizama mtoni. Lakini lugha ile ile leo mama zetu wanauzia mihogo, na sisi tunaombea. Kitu kilichokuja na minyororo wazee waligeuza kuwa chetu.

Basi sisi tunafanya nini nacho? Mwenzetu aliyekimbia vita ya Kivu alisema "batoto", darasa zima likacheka. Kumbe mtu wa Dar es Salaam akisikia tunaita baiskeli "kinga", atatucheka vilevile! Nani basi anasema vizuri? Anayesikilizwa na mwenzake.

Tunaomba hivi: kila siku ya posho, nusu saa, tusome Kiswahili sanifu kwa sauti, na kila mmoja afundishe neno la kwao. Atakayecheka atafagia darasa, hata kama ni kapita.

Wakubwa wa inchi nane wako mbali, hatuwezi kuwapatanisha. Lakini mwenzetu wa Kivu yuko hapa, kwenye benchi letu. Tuanze na yeye.