Usisubiri hedhi irudi, yai hutangulia

Yupo jirani yangu hapa Kirehe ambaye kila siku ya soko huvuka daraja la Rusumo kwenda Benaco kufanya biashara ya mahindi na vitenge. Tumejuana tangu utoto. Sote wawili tulikulia Karagwe, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, na tulirudi nyumbani mwaka mmoja, 1996.

Miaka michache iliyopita alishika mimba ya tano. Mimba ya nne ilikuwa imemletea kifafa cha mimba. Alizinduka siku ya pili yake hospitalini bila kujua kwamba amejifungua. Safari hii presha ilipanda mapema, na madaktari wakamweleza wazi kwamba akiendelea anaweza kuwaacha watoto wanne bila mama. Yeye, mumewe na daktari wakakubaliana. Mimba ikatolewa kwa vidonge ikiwa na majuma saba, kwa mujibu wa sheria.

Alipokuwa akitoka, hospitali ile ilimwambia maneno matatu tu: "Ukiona hatari, rudi." Hatari ni ipi? Hakuelezwa. Hedhi itarudi lini? Hakuuliza, aliona aibu. Akajipangia mwenyewe kwamba akishaziona siku zake ndipo aende kuchukua uzazi wa mpango. Juma la nne likapita kimya. La sita vilevile. Juma la nane akaanza kutapika asubuhi.

"Mwalimu," aliniambia akiwa amekaa jikoni kwangu, "nimepataje mimba na mimi hata mwezini sijaingia?"

Ndugu msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilifundishwa somo hilo kwa Kiswahili na Kiingereza huko uhamishoni, na leo nalifundisha kwa watoto wa nchi yangu. Nakiri kwamba tunawafundisha habari ya hedhi kana kwamba ndiyo mwanzo wa mambo. Sivyo. Yai hutoka kwanza, na hedhi hufuata baada ya majuma mawili hivi ikiwa yai halikupata mbegu. Mwenye kusubiri hedhi ili ajikinge anangoja mkia wa ng'ombe wakati kichwa kimekwisha kupita.

Baada ya mimba kutoka kwa vidonge, mwili hauchelewi kuanza upya. Yai laweza kutoka hata siku ya nane au ya kumi. Kwa hiyo mwanamke anayekutana na mumewe katika juma la pili au la tatu anaweza kushika mimba kabla hajaona tone la hedhi. Jirani yangu hakuwa mzembe. Alikosa tu mtu wa kumwambia sentensi moja.

Jambo la pili linalochanganya wengi ni damu. Damu inayotoka baada ya vidonge si hedhi. Siku ya kwanza huwa nyingi, pamoja na mabonge na maumivu ya tumbo, kisha hupungua. Wengi hutokwa na damu kwa juma moja hadi mawili, na wengine huona matone hadi mwezi mzima. Hedhi yenyewe kwa kawaida hurudi kati ya juma la nne na la nane. Ile ya kwanza yaweza kuwa nzito kuliko ilivyozoeleka, na hilo peke yake si ugonjwa. Likipita juma la nane bila hedhi, nenda kapimwe. Lakini anayejipima mkojo nyumbani katika majuma manne ya mwanzo asishtuke upesi, kwa maana kipimo kinaweza kuonyesha mimba ambayo imekwisha kutoka.

Sasa hiyo hatari ambayo jirani yangu hakuelezwa ni hii: kulowanisha pedi mbili kubwa kwa saa moja, na saa ya pili vivyo hivyo, homa isiyoshuka siku nzima, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ambayo dawa haiyatulizi, kizunguzungu au kuzimia. Na kama baada ya vidonge damu haikutoka kabisa, au ilikuwa matone tu, huenda mimba ingalipo, au imetunga nje ya mfuko wa uzazi, mahali ambapo vidonge hivyo haviitoi. Mtu wa namna hiyo asingoje siku ya soko. Aende siku ileile.

Nasema hivi nikiwafikiria hasa akina mama wa mpakani. Najua wapo wanaonunua vidonge kwa kificho, upande huu au ule wa mto, bila kupimwa na mtu. Sitetei biashara hiyo. Lakini mama anayemwaga damu hana nafasi ya kuogopa maneno ya watu. Aende hospitali na amweleze daktari ukweli wote, maana tiba hufuata ukweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Na kuhusu kazi, hakuna sharti la kulala siku arobaini. Mwanamke anaweza kurudi kwenye shughuli zake akijisikia nguvu. Lakini siku ya vidonge na ile inayofuata si siku za kujitwika gunia. Ale maharage, dodo na dagaa ili arudishe damu, na chai aiache kwanza baada ya chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini.

Wapo watakaosema gazeti si mahali pa kuzungumzia mambo haya, na kwamba kuyaeleza ni kuhimiza utoaji mimba. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Sheria yetu ya mwaka 2018, na amri ya Waziri wa Afya ya Aprili 2019 iliyoifuata, zilitaja wazi hali ambazo daktari anaweza kutoa mimba: aliyebakwa, aliyelazimishwa kuolewa, aliyepewa mimba na ndugu wa karibu, mtoto, na yule ambaye afya yake au ya mimba imo hatarini. Ruhusa ya mahakama ikaondolewa. Kama nchi imekubali kumfikisha mwanamke kwenye kitanda hicho, itawezaje kumwacha mlangoni bila maelezo? Anayechukia utoaji mimba angepaswa kuwa wa kwanza kutaka mwanamke huyu aelezwe, maana kutoelezwa ndiko kulikomrudisha jirani yangu kwenye kitanda kilekile mara ya pili.

Ninachokiomba si kikubwa. Kila anayetoka apewe karatasi moja, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, yenye dalili za hatari na siku za kutazamia hedhi. Aulizwe kuhusu uzazi wa mpango kabla hajavaa viatu. Kijiti au sindano vyaweza kutolewa siku ileile ya vidonge kwa yule ambaye afya yake inaviruhusu, na kitanzi huwekwa ikishathibitika kwamba mimba imetoka yote. Aambiwe pia kwamba sindano au kijiti vyaweza kuchelewesha hedhi au kuivuruga, asije akadhani amelogwa. Na aambiwe kwamba mimba iliyotolewa kwa usalama haiharibu kizazi, kwa sababu uvumi huo umevunja ndoa nyingi bure.

Mumewe naye aitwe asikie. Kule uhamishoni bibi zetu waliyanong'ona mambo ya imihango nyuma ya nyumba, na wanaume wakakua hawajui kitu. Mume wa jirani yangu alilia siku ile. Angejua, angenunua kondomu ya bei ndogo tu.

Jirani yangu yu hai. Ana kijiti mkononi sasa, na siku ya soko utamwona darajani na mzigo wake. Akisikia mwenzake ananong'ona kwamba "anangoja siku zake kwanza", humvuta pembeni na kumweleza. Kazi hiyo angepaswa kuifanya mhudumu wa hospitali.