Fimbo Haimo Katika Kitabu cha Mwanzo

Jumapili moja nilitoka misa ya kwanza nikapitia kwenye kioski cha maji kilicho nyuma ya kanisa letu. Kijana mmoja wa kwaya, sare bado ziko mwilini, alikuwa anampakia punda wake madumu ya lita 20, mawili kushoto na mawili kulia. Kilo 80. Gunia alilomtandika lilikuwa limesogea kidogo, na pembeni yake kilionekana kidonda kibichi, kipana kama kiganja, nzi wamekijaa. Punda alipogoma kuondoka, kijana akamchapa kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu mnyama anaumwa." Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, Mungu mwenyewe alisema tuwatawale. Imo kwenye Mwanzo."

Sikuweza kumlaumu yeye peke yake. Jibu lile hakulitunga. Tulimfundisha sisi, au tulinyamaza akajifundisha.

Imani ninayoishambulia leo ndiyo hiyo: kwamba Biblia imemkabidhi binadamu dunia na vyote vilivyomo avitumie apendavyo. Inashikiliwa na pande mbili ambazo kwa mengine yote hazipatani. Upande mmoja wako waumini kama kijana wetu. Upande wa pili wako wakosoaji wa Ukristo. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira tunaouona imo katika Ukristo wa Magharibi, uliomkweza binadamu na kumwonyesha kwamba viumbe vingine vipo kwa ajili yake. Tangu hapo shutuma hiyo imekuwa wimbo. Utaisikia vyuoni na kwenye semina za mazingira: Mkristo ameshika shoka, Mbudha ameukumbatia mti. Wachache wanakumbuka kwamba White mwenyewe alikuwa Mkristo, na kwamba alimaliza makala yake kwa kumpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaotetea mazingira. Mwaka 1979 Papa Yohane Paulo II alimtangaza hivyo rasmi.

Mshtaki na mwenye punda, basi, wanasoma Biblia kwa namna moja: wanafika kwenye neno "kutawala" kisha wanafunga kitabu.

Tukifungue tena. Ni kweli, sura ya kwanza ya Mwanzo inamwambia binadamu aitiishe nchi na awatawale wanyama. Lakini mara tu baada ya hapo Mungu anapanga chakula, na chakula ni mimea na matunda, kwa binadamu na kwa wanyama pia. Ruhusa ya kula nyama haiji mpaka baada ya gharika ya Nuhu. Mtawala wa sura ya kwanza hana ruhusa ya kumchinja hata kuku. Sura ya pili inamweka katika bustani ailime na kuitunza, na neno la Kiebrania tulilolitafsiri "kulima" ndilo hilo hilo linalotumika kwa kutumikia. Huyu ni mtawala aliyepewa kazi ya mtumishi na mlinzi.

Halafu ingia katika sheria ya Musa. Ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Siku ya saba ng'ombe na punda nao wapumzike, si mwenye shamba pekee. Ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, usipite, msaidie. Kisha soma Hesabu, sura ya 22. Nabii Balaamu anampiga punda wake kwa kuwa amekataa kwenda mbele. Yeye haoni kitu njiani. Punda amemwona malaika mwenye upanga. Malaika anapojidhihirisha, jambo la kwanza analomuuliza nabii ni kwa nini amempiga mnyama wake. Anamweleza wazi kwamba kama punda asingegeuka, angemuua Balaamu na kumwacha punda hai. Nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa miaka zaidi ya arobaini. Habari hii nimeihubiriwa mara nyingi, na kila mara mahubiri yalihusu utii wa nabii. Kuhusu punda sijasikia hata sentensi moja.

Sasa Ubudha. Siuandikii kwa dharau, maana una mambo yanayonigusa. Hauna Muumba wala siku ya kwanza ya ulimwengu. Unafundisha kwamba kila kitu kinatokea kwa kutegemea vingine, na kwamba viumbe wamezunguka katika kuzaliwa na kufa kwa muda mrefu mno hata ni vigumu kumpata kiumbe ambaye hajawahi kuwa mama yako. Angalia uzito wa fundisho hilo ukiwa umeshika kipande cha mpira wa tairi. Agizo la kwanza kwa muumini ni kutoua kiumbe hai. Mtawa wa mapokeo ya kale alikuwa na kichujio cha maji, asije akameza wadudu. Watawa hutulia mahali pamoja miezi mitatu ya masika, na chanzo cha desturi hiyo ni malalamiko ya watu kwamba walikuwa wanatembea huku na huko wakikanyaga miche na vijidudu.

Lakini Ubudha huo huo unahesabu kuzaliwa mnyama kuwa anguko, hali ya chini na ya mateso. Na katika nchi kadhaa za Asia, kumwachia huru mnyama aliyefungwa huhesabiwa kuwa thawabu, kwa hiyo kuna watu wanaonasa ndege porini kusudi wawauze karibu na mahekalu, muumini alipe na kuwaachia. Ndege wengine hufa kizimbani kabla thawabu haijapatikana.

Tazama Thailand, ambako zaidi ya watu tisa kati ya kumi ni Wabudha. Mnamo 1961 misitu ilifunika zaidi ya nusu ya nchi hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 30. Novemba 1988 mafuriko na maporomoko yaliua watu wengi kusini, magogo yaliyokatwa yakasombwa hadi vijijini, na Januari 1989 serikali ikapiga marufuku ukataji wa magogo kibiashara. Ni katika miaka hiyo watawa walipoanza kuyavisha mashina ya miti mikubwa mavazi yao ya rangi ya machungwa, kana kwamba mti umepokelewa utawani, ili mkataji aone haya kuinua shoka. Nawaheshimu sana watawa wale. Lakini walilazimika kufanya hivyo kwa sababu msitu ulikuwa umeshakatwa, na wakataji walikuwa waumini wao.

Kisha panda hadi kaskazini mwa Ethiopia, Gondar Kusini. Kutoka angani unaona mashamba na malisho yaliyokauka, na humo duara za kijani kibichi zilizotawanyika. Katikati ya kila duara kuna kanisa la Kiorthodoksi la Tewahedo. Wakulima wa huko wamelima na kulisha mpaka msitu ukaisha, isipokuwa ule unaolizunguka kanisa, ambao wanauona ni vazi la nyumba ya Mungu na mfano wa Edeni. Miti ya asili iliyotoweka kwingine imebaki humo, pamoja na ndege na nyuki wake. Sehemu nyingine mapadri na wanakijiji wamejenga kuta za mawe kuzuia ng'ombe wasile miche. Watu hawa wanasoma kitabu kile kile cha Mwanzo.

Linaloniuma zaidi ni tembo. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Sensa ya 2014 ilikuta takribani 43,000. Risasi zilifyatuliwa huku kwetu, na waliozifyatua hawakuwa Wabudha. Pembe zikaelekea mashariki. Thailand zilichongwa sanamu na hirizi za Budha. Ufilipino, nchi ya Wakatoliki, pembe za ndovu zimechongwa Mtoto Yesu na watakatifu. Altare mbili, na juu ya zote mbili pembe ya mnyama aliyeuawa. Januari 2016, huko Colombo, Sri Lanka iliteketeza tani moja na nusu ya pembe zilizokamatwa bandarini, na kabla ya kuzisaga viongozi wa Kibudha, Kihindu, Kiislamu na Kikristo walisimama pamoja wakawaombea wale tembo. Sijui kama parokia yoyote ya kwetu iliwahi kufanya ibada ya namna hiyo.

Atatokea mtu aseme dini haina uzito hapa, yote ni pesa na njaa. Nakataa. Kijana wa kioskini hakunitajia bei ya dumu wala ada ya mtoto. Alinitajia Mwanzo. Mtu akiamini ameruhusiwa na Mungu, mkono wake hautetemeki, na kumwondolea ruhusa hiyo ni kazi yetu sisi tuliompa. Papa Fransisko aliikataa waziwazi tafsiri hiyo katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015. Tunausoma kwenye warsha. Watoto wa komunyo ya kwanza hawausikii, wala wanakwaya, wala wanaouza maji. Makatekista, mapadri, wachungaji: somo la Balaamu mnalo, na punda wako hapo nje mnapotoka kanisani.

Siku ile nilisimama nikamsindikiza kwa macho. Balaamu alimpiga punda wake mara tatu, na malaika akahesabu. Kijana wetu alimpiga wake mara kumi na moja kabla hawajafika kwenye kona ya kanisa.