Elimu ya Siasa katika Chuo Kidogo

Mzee mmoja, ambaye mwanawe yuko Marekani, alinijia baada ya swala ya Alasiri uso umemshuka. Kijana amempasha habari kwamba atasoma elimu ya siasa, tena si katika chuo kikuu, bali katika chuo cha jamii. "Maalim, chuo gani hicho, na fitina gani hiyo? Nimekwisha azimia kumkatia fedha."

Nalimwomba asifanye haraka. Mimi niliyeishia shule ya msingi sina haki ya kudharau chuo cha mtu. Chuo cha kwanza cha umma cha namna hiyo kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mwanafunzi husoma miaka 2, kwa karo iliyo nafuu, kisha huweza kuhamia chuo kikuu akamalizia huko. Na siasa afundishwayo si kelele za mikutanoni. Ni katiba, mahakama, na jinsi sheria zitungwavyo. Ibn Khaldun aliyachunguza mambo ya dola katika Muqaddima yake mwaka 1377, na sisi twajivunia naye.

Khofu yangu iko kwingine. Si kila somo hupokewa na chuo kikuu. Wako waliofika wakaambiwa warudie, fedha na wakati vikapotea. Kijana na aulize tangu muhula wa kwanza ni masomo yepi yatakubaliwa kule anakotaka kuhamia, na jibu alipate kwa maandishi.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akanipa simu yake, akasema, "Basi mwandikie wewe."