Kiwanja Kilichogeuka Sifuri

Shuleni tumezoea kusema kwamba kanuni ikiwa sahihi, na mwanafunzi akiifuata bila kukosea, hapana budi jibu liwe sahihi. Imani hiyo si kweli kamili, na mwalimu wa jiometri aweza kuionyesha ubaoni kwa dakika chache.

Tuchukue kiwanja cha pembetatu mjini Dar es Salaam. Katika gridi ya ramani iitwayo UTM, sehemu zilizo kusini ya Ikweta hupimwa kwa kuipa Ikweta yenyewe thamani ya meta 10,000,000. Ndiyo maana namba zetu ni kubwa. Pembe za kiwanja, mashariki kwanza kisha kaskazini, ni (524117, 9248233), (524147, 9248233) na (524147, 9248253). Upande mmoja ni meta 30, wa pili meta 20, na eneo ni meta za mraba 300. Sasa tumia ile kanuni ya kuzidisha namba za pembe kimshazari, kutoa, kujumlisha na kugawa kwa 2. Kila jibu la kuzidisha lina tarakimu 13. Kikokotoo kinachoonyesha tarakimu 10 humlazimu mwanafunzi aandike majibu yaliyokadiriwa katika maelfu. Mwishoni atapata sifuri kamili. Kiwanja kimetoweka, wala hakuna aliyekosea hesabu! Na eneo ni jambo linaloandikwa katika hati ya mtu.

Dawa yake ni kutoa kwanza namba za pembe ya kwanza katika pembe zote. Zinabaki (0, 0), (30, 0) na (30, 20), hesabu ya kichwani.

Wako watakaosema kompyuta imekwisha kutuondolea taabu hii. Ni kweli kwamba kwa kawaida hutunza tarakimu 15 au 16, na kiwanja chetu kitapona. Lakini programu za jiometri huuliza daima: nukta hii iko kushoto au kulia mwa mstari? Jibu hutegemea alama ya hesabu ile ile, chanya au hasi. Nukta ikiwa karibu mno na mstari, kosa dogo kabisa hugeuza alama. Programu huamua hivi hapa na kinyume chake pale, hata ikazunguka bila kikomo. Mwaka 1997 Jonathan Shewchuk alichapisha njia ya busara: kompyuta ihesabu upesi, ipime kosa linaloweza kuwamo, na iongeze tarakimu pale tu alama inapotiliwa shaka.

Sioni sababu ya kuliacha somo hili hadi chuo kikuu. Mwalimu na ajaribu pia kuzikata tarakimu za mwisho badala ya kukadiria: eneo la kiwanja kile kile litakuwa 500.