Kupanda Mchongoma



Juma lililopita, jioni, nilipokuwa nikisahihisha madaftari ya watoto, vijana sita walibisha hodi nyumbani kwangu. Wakanisalimu kwa adabu, kisha wakasimama mlangoni wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenziwe aseme. Mwisho mmoja akajipa moyo: “Mwalimu, twakuomba saa yako.”

Nikawauliza saa yangu waitakia nini. Kumbe hawakutaka kuichukua. Walitaka nije nayo mimi mwenyewe, nisimame juu ya kilima, nipime ni nani apandaye upesi kuliko wenziwe kwa kinga. Wasomaji wa ng’ambo ya ziwa husema baiskeli. Sisi huku twasema kinga, na chombo ni kile kile.

Kila mtu wa Kalemie avijua vilima vyetu. Mji umekaa ukingoni mwa ziwa Tanganyika, na mara uachapo pwani njia zainuka. Njia waliyoichagua vijana hao yaanzia chini, karibu na akina mama wauzao samaki wakavu, nayo yapanda moja kwa moja bila kupumzika, kama mtu aliyekasirika. Mwenye mzigo hushuka na kusukuma. Asiye na mzigo naye hushuka, ila husingizia kwamba amemwona rafiki wa kuzungumza naye.

Katika sita hao hakuna hata mmoja aliye mtu wa mashindano. Wawili huleta makala mjini kutoka vijijini. Mmoja huuza mikate asubuhi, mmoja ni fundi mwashi, mmoja bado yuko shuleni. Wa sita ni mgeni kwetu. Alifika kwa mashua kutoka Uvira mwezi wa Februari 2025, pamoja na mama yake na wadogo zake wawili, na kinga yake ikiwa imefungwa kwa kamba ubavuni mwa mashua. Ndiyo mali pekee waliyookoa. Tangu siku ile huchukua mizigo ya watu, na jioni huleta unga nyumbani. Kwa habari yake yeye nimeshika kalamu leo.

Wazo lenyewe walilipata wapi? Walilipata katika simu. Mwezi wa Septemba 2025, tangu tarehe 21 hata 28, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali. Mashindano hayo yalianza mwaka 1921, wakati ule kwa watu wasiolipwa tu, na hayakupata kuja katika Afrika hata mara moja mpaka mwaka huo. Siku ya mwisho wanaume walikwenda kilometa 267 na nusu, na ukijumlisha vilima vyote walipanda mita 5,475. Walioanza walikuwa zaidi ya 160. Waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wa kwanza alikuwa Tadej Pogačar, mtu wa Slovenia. Lakini vijana wangu hawakusimulia sana habari za kilometa 267. Walisimulia juu ya njia moja fupi iitwayo Kwa Mutwe, ambayo wageni huiita ukuta wa Kigali. Urefu wake ni mita 400 tu, imetandikwa mawe, nayo huinuka kwa kadiri ya mita 11 katika kila mita 100. Waliwaona pale mashujaa wa dunia wakiyumba kama walevi. “Mwalimu,” wakaniambia, “sisi nasi tunayo mita 400.”

Nilikubali kuja na saa. Kesho yake, nilipokuwa natoka shuleni, mama wa yule kijana wa Uvira alikuwa ananingoja kando ya njia.

“Mwalimu,” akasema, “nasikia wewe ndiwe utakayeshika saa.”

“Ndiyo, Mama.”

“Na wazo hili limetoka Kigali.”

Nikanyamaza. Wasomaji wajua kwa nini. Goma ilitekwa mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari, na watu wengi wa Kivu wakalishika ziwa kuja kwetu, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Kwa mama huyu jina la Kigali si jina la mchezo.

“Huko walikimbia wakapewa medali,” akasema. “Sisi nasi tulikimbia. Basi sikiliza, Mwalimu. Kinga hii ndiyo sufuria yetu. Ikivunjika, watoto hawali. Mwanangu ni mtu mzima, sitamfunga kamba. Lakini wewe umesoma. Niambie, je, mchezo huu wastahili?”

Nilimwomba siku tatu nipate kumjibu. Sikutaka kumpa maneno matupu, maana mwenye hofu ya haki apaswa kupewa hesabu, wala hafai kubembelezwa. Basi nilikwenda kukipima kilima.

Nilichukua kamba ya mita 20, na vijana wakaivuta kutoka chini hata juu: mara 17. Ni mita 340. Halafu nikachukua ubao wenye urefu wa mita moja, nikaweka juu yake chupa ya maji iliyolazwa, ili povu la hewa linionyeshe pale ubao ulipo sawasawa. Ncha ya juu iligusa ardhi. Chini ya ncha nyingine nikasimamisha rula. Nilipima mahali kumi. Penye upole rula ilisema sentimeta 6, penye ukali sana 17, na wastani wake 11. Basi kilima chetu ni ndugu wa ule ukuta wa Kigali, ingawa ni mfupi kidogo. Kutoka chini hata juu mtu hupanda kama mita 37.

Sasa jina la Piana-Mwanga lajulikana na kila mtu wa upande wetu. Huko, kwenye mto Luvua, mitambo ya umeme ilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi wa bati wa Manono. Kazi ya mitambo ile ni kupokea maji yaangukayo na kuugeuza uzito wao kuwa nguvu. Mwenye kupanda kilima kwa kinga afanya kazi ile ile kinyume chake: atoa nguvu, apate kuuinua uzito. Kijana wa kilo 58 pamoja na kinga ya kilo 22 ni kilo 80. Ni sawa na bidoni 4 za maji, kila moja ya lita 20, kuzipandisha hata mita 37. Akizipandisha kwa sekunde 100, miguu yake imetoa karibu wati 290, yaani kuwasha taa 5 za wati 60 kwa muda ule wote. Hapo sikuhesabu upepo, wala mawe, wala mnyororo usiotiwa mafuta.

Nikahesabu na meno ya kinga ya yule kijana. Gurudumu la pedali lina meno 44, la nyuma meno 20. Kila apigapo pedali mzunguko mmoja, asogea karibu mita 5. Basi kilima kizima ni mizunguko 70 tu. Kinga za mashindano zina meno ya namna nyingi za kubadilisha, hata mwenye kuchoka apata jino jepesi. Hizi zetu zina jino moja la kwenda sokoni na la kupanda mbinguni. Kwa hiyo nguvu nyingi huangukia mnyororo na mhimili wa pedali, na hapo ndipo chuma kichakavu huvunjika. Hofu ya mama yule ilikuwa na haki kabisa.

Lakini hesabu ya pili ilinitisha kuliko ya kwanza. Wazee walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Zile bidoni 4 zikisha kupandishwa, nguvu yake haikupotea, yangoja. Kinga ikiachwa ishuke mita 37 bila breki, na kama upepo usingeizuia, ingefika chini kwa mwendo wa kilometa 97 kwa saa. Upepo huizuia kidogo, ni kweli. Lakini chini kule wameketi akina mama na mabakuli yao, na watoto wadogo hukatiza njia bila kutazama. Nami nilipokagua kinga sita, niliona mbili tu zenye breki zinazoshika. Wenye nyingine nne husimamisha kwa kukanyaga gurudumu kwa kandambili. Vijana walipokuja kuniomba saa, hakuna hata mmoja aliyesema neno juu ya kushuka.

Basi tulikutana tena, na safari hii nilimwalika mama yule, pamoja na wazazi wa wale wengine waliokuwa mjini. Niliwasimulia habari ya Waingereza, ambao mchezo huu wa kupanda kilima kifupi kwao ni wa zamani sana. Klabu ya Catford, ya watu wa London, ilianza mashindano haya mwaka 1887, na mpaka leo wangali wakishindana, watu wa kawaida wenye kazi zao za kila siku. Hawaanzi pamoja kama kundi la mbuzi. Huanza mmoja mmoja, wakiachana dakika moja, na mtu mmoja humshikilia mwendeshaji pale mwanzoni ili asianguke kabla ya kuanza. Kisha juu kabisa husimama watu wenye nguvu wa kumpokea, kwa sababu afikapo amekwisha kabisa, hawezi hata kushuka mwenyewe. Hakuna kusukumana, maana kila mmoja ashindana na saa.

Baba mmoja akasema, “Basi na wetu wapokelewe.” Wengine wakaitikia. Kutoka hapo maneno yalikwenda vizuri, na tulikubaliana hivi:

Kwanza, watapanda Jumamosi alfajiri, kabla soko halijajaa. Wazee wawili watasimama chini na wawili katikati, wawazuie watoto.

Pili, kila mmoja atapanda peke yake, kwa saa, akiachana na mwenziwe kwa dakika mbili.

Tatu, hakuna atakayeshuka akiwa amepanda kinga. Wote watashuka kwa miguu, wakiishika mkononi. Atakayeruka sharti hili, wakati wake hautaandikwa, hata akiwa wa kwanza.

Nne, vyuma vya nyuma vya kubebea mizigo vitafunguliwa kupunguza uzito, lakini breki hazitaguswa, na zile nne mbovu zitatengenezwa kwanza.

Tano, kila kijana ataweka fedha kidogo katika mfuko mmoja, nao wazazi waliokuwapo wameongeza. Kinga ya yeyote ikivunjika siku ile, itatengenezwa kwa mfuko huo kabla ya jua kuchwa. Isipovunjika hata moja, fedha zitanunua mnyororo mpya kwa yule mwenye mnyororo mchakavu kuliko wote.

Sharti la tano silo langu. Lilitoka kwa kijana muuza mikate, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa akijigamba kwamba atawashinda wote.

Ndipo nikamgeukia mama wa Uvira, nikamwambia: “Mama, uliniuliza kama mchezo huu wastahili. Siwezi kukuahidi kwamba chuma hakitavunjika. Naweza kukuahidi kwamba kikivunjika, hakitakuwa chako peke yako.”

Alikaa kimya kitambo. Kisha akamtazama mwanawe, akamwuliza, “Utakula nini kabla ya kupanda?” Sisi wote tukacheka, maana tulijua kwamba amekubali. Lakini hakucheka yeye. Akaongeza: “Na jina hilo la Kigali msilitaje. Hiki ni kilima cha Kalemie.” Vijana wakaitika, “Ndiyo, Mama.”

Kwa habari ya chakula, swali lake lilikuwa jema, nami nawajibu vijana wote wasomao ukurasa huu. Kula mapema, saa mbili au zaidi kabla ya kupanda, nawe usijaze tumbo. Tembeza miguu kidogo kwanza hata jasho lichomoze. Na pale mwanzoni usijitupe kwa nguvu zote. Katika mita 100 za kwanza kila kijana hujiona simba. Katika mita 100 za mwisho pumzi haitoshi tena, misuli yachoma kama moto, na aliyetumia yote chini hana cha kutumia juu. Juzi niliwaona wakijaribu. Mwanafunzi aliondoka kama risasi, akashuka kwenye kinga pale palipo na sentimeta 17. Yule wa Uvira alikwenda pole, akihesabu mizunguko kwa sauti. Nilimsikia akitaja sitini na tatu alipopita mbele yangu. Sitasema zaidi, nisije nikaonekana nimekwisha kumchagua mshindi.

Akina baba, nawaomba neno moja. Mtoto wako akija na jambo ambalo kwako ni la upuuzi, lipime kwanza kabla ya kulikataa. Chukua kamba na ubao, uende naye. Yawezekana utalikataa bado, naye atajua kwa nini. Yawezekana pia utajikuta, kama mimi, umesimama juu ya kilima alfajiri ukiitazama saa.

Breki tatu zimekwisha kutengenezwa. Ya nne yangoja waya, ambao fundi asema utapatikana Alhamisi. Usipopatikana, mwenye kinga ile ameahidiwa kuazimwa ya mwenziwe akisha kupanda.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitawaletea nyakati zao zote sita.

Mwalimu wenu