URITHI WA FIGO: NANI APIMWE KWANZA?

Mwananchi wa Tosamaganga ambaye figo zake zimekwisha hana njia fupi: ni kusafishwa damu kwa mashine kila juma, au safari ya Dodoma ama Dar es Salaam kutafuta figo nyingine. Twaanza na jambo hili kwa kuwa siku hizi yasemwa sana juu ya kipimo cha vinasaba kiwezacho kumjulisha mtu kama amerithi hatari ya maradhi haya, na wako wadhanio kwamba kipimo ndicho dawa.

Habari yenyewe ni ya ajabu. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kwamba mabadiliko mawili katika jeni iitwayo APOL1, yapatikanayo kwa watu wa asili ya Afrika, huongeza hatari ya figo kuharibika. Mabadiliko hayo hayo huwapiga vita vijidudu vya malale. Wahenga walipata ngao juu ya mbung'o, na baadhi ya wajukuu wanailipia. Hatari kubwa humwangukia aliyerithi kwa baba na kwa mama pia; basi mume amtupiaye mkewe lawama ya ukoo hana hoja. Wala si kila aliyerithi huugua. Wengi huzeeka na figo zao nzima.

Uchunguzi wa Ghana na Nigeria uliotangazwa mwaka 2024 uliwakuta na urithi wa pande mbili karibu watu watatu katika kila kumi waliopimwa. Huku Mashariki ni haba zaidi, na hesabu za Accra haifai kuzivika Iringa.

Lakini iko kazi moja ya kipimo hiki isiyongoja. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafuata mwaka 2018. Mtoaji mara nyingi ni ndugu wa damu. Huyo aweza kuwa na urithi ule ule wa mgonjwa, akatoka chumba cha upasuaji na figo moja iliyo hatarini. Kumpima kabla ya kisu ni haki yake, na asidaiwe hata senti.

Kwa wengine wote, presha, sukari na protini ya mkojo vitangulie. Figo huharibika kimya kimya, na mkojo hutoa habari mapema kwa gharama ndogo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Twawauliza wanaopanga huduma zake: je, kipimo cha mkojo na kile cha mtoaji wa figo vimo vyote viwili?